Sahihi Tatu za Mshonaji

Mshonaji alishuka kitandani akakanyaga maji. Tena! Mvua ya alfajiri ilikuwa imejaza mfereji wa mtaa, na mfereji wenyewe ulishaziba kwa mchanga siku nyingi. Alimwinua mama yake kutoka kwenye godoro lililolowa. Mama alikohoa mpaka akashika ukuta.

"Pole, mwanangu," mama alisema.

"Nimeshapoa, mama. Nimechoka tu."

Kaka yake alipopata habari, alipiga simu. "Maji yakiingia tena, nakuja kumchukua mama. Sitaki mjadala."

Kwa kaka ni mbali, safari ya siku nzima. Mama hakutaka kwenda. "Nikienda kule, sirudi," alimwambia binti yake.

Basi mshonaji akaenda ofisi ya mtaa kuomba mfereji uzibuliwe. Wakamtuma halmashauri. Halmashauri wakamwambia fedha bado hazijashuka. Alirudi miguu ikiwaka moto. Jirani yake, karani mstaafu wa halmashauri, alimkuta mlangoni akikamua mashuka.

"Kule halmashauri nimeona kibao," mshonaji alimwambia. "Eti mradi wa mitaa, kwa msaada wa nchi rafiki. Rafiki wa nani?"

"Mkutano wa mtaa huwa unakwenda?"

"Kila mwaka! Nimesaini mahudhurio mara tatu."

"Halafu?"

"Halafu naondoka. Wateja wananisubiri."

Karani akashika kichwa. "Hapo ndipo mnapojimaliza! Nchi rafiki hazichimbi mfereji. Fedha zao zinapitia serikali kuu. Serikali kuu inazishusha halmashauri. Halmashauri nayo inauliza: mtaa huu unataka nini kwanza? Jibu ni orodha inayopigiwa kura mwisho wa mkutano. Nyinyi mmeshaondoka. Wanaobaki wanapitisha ya mwaka jana, yaani ukumbi."

"Ukumbi? Nani kaomba ukumbi?"

"Wewe. Sahihi yako ipo."

Mshonaji alikaa kwenye kizingiti. Alikuwa na hasira, lakini aibu ilizidi.

Mkutano ulipokaribia, alipita nyumba kwa nyumba, mgongo ukimuuma. "Jamani, safari hii tusisaini tukaondoka." Wengine walimcheka. Hata hivyo walikuja, wakabaki.

"Tupitishe ya mwaka jana?" mwenyekiti aliuliza, huku akifunga daftari.

Mshonaji alisimama. "Hapana. Mfereji kwanza."

Mikono ikanyooshwa, mingi kuliko viti. Mshonaji hakukaa. Karani alikuwa amemfundisha jambo moja zaidi. "Naomba muhtasari usomwe, tusikie kama mfereji umeandikwa." Ukasomwa. Mfereji umeandikwa wa kwanza.

Msidhani mafundi walikuja kesho yake. Thubutu! Miezi ilipita. Mara nne alikwenda halmashauri kuuliza, na mara nne alirudi amechoka hoi. Lakini sasa hawakumzungusha. Walifungua mpango, wakamwonyesha mfereji umefika wapi. Mara ya nne, walimwonyesha tarehe ya kuchimba.

Mvua kubwa ilirudi asubuhi moja, wiki chache baada ya mafundi kumaliza. Ilinyesha bila huruma, mchana kutwa na usiku kucha. Kabla haijakatika, kaka alibisha hodi, begi tupu mkononi, viatu vimejaa tope. Alikuwa amesikia habari za mvua, akasafiri kuja kumchukua mama.

Mshonaji alikuwa amelala usingizi mzito, kichwa juu ya cherehani. Hakusikia hodi wala mvua. Mama ndiye aliyefungua mlango. Alimtazama mwanawe kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Vua viatu," mama alisema. "Utatulowanishia sakafu."