Mwenye Wimbo

Kwanza mashine iitwayo kifufuasauti huvuta pumzi. Husikiliza santuri ya zamani, kikapima kifua, koo, taya na hata mwanya wa meno ya mwimbaji, kisha kikamjenga mtu mzima kwa nuru, ukadhani ukimgusa utapata jasho lake.

Siku ya mazoezi, uwanjani Detroit, kilitakiwa kumfufua Connie Vale, nyota mwenye nywele za dhahabu aliyepamba majalada ya magazeti miaka sitini iliyopita. Angeimba kabla ya fainali ya mpira wa kikapu. Badala yake akatoka mwanamke mweusi, kifua kipana, mwanya mbele, akipiga makofi.

“Mashine yako imepata wazimu,” alifoka Bwana Whitlock, msimamizi wa sherehe. “Hata makofi anayachelewesha!”

“Hayachelewi, bwana,” alijibu Odessa Tillman, mhandisi aliyeiunda. “Kanisani kwetu tunaliacha pigo la kwanza lipite, tunapiga la pili. Na makofi hayo yamo kwenye santuri.”

Sura ile aliijua. Ilikuwa ya ujana wa Mama Lavinia Gaines wa kwaya ya kanisa lao, bikizee aliyekuwa akisema tangu zamani kwamba wimbo ule wa Connie aliuimba yeye, studio ikabandika picha ya mwingine kwenye jalada la santuri. Watu waliitikia, “Ndiyo, Mama,” bila kumwamini, wakamkaribisha chai. Odessa mwenyewe aliwahi kuitikia hivyo, na sasa aibu ilimchoma.

“Mvike sura ya Connie,” Whitlock aliamuru, “au kazi huna.”

Jumamosi alasiri, siku ya fainali, Odessa alimketisha Mama Lavinia safu ya mbele, karibu na meza yake ya mitambo. Msichana wa nuru hakumvika sura ya Connie.

Nuru ilipowaka, uwanja uliguna. “Huyo nani?” mtu alipiga kelele, na miluzi ya kuzomea ikaanza huku na kule. Whitlock alikuja mbio, tai imemrukia begani.

Mama Lavinia akainuka, fimbo mkononi. Msichana wa nuru alipomaliza mstari, bikizee akauitikia kama inavyoitikiwa kanisani, bila kipaza sauti. Sauti ilikuwa ileile, yenye mikwaruzo ya miaka tu. Miluzi ikafa. Odessa akamkimbilia na kipaza sauti, na wawili hao wakajibizana, kijana na mzee, mpaka watu wakaelewa walichokuwa wakikisikia. Uwanja mzima ukasimama. Wachezaji waliweka mikono vifuani, wengine wakilia waziwazi.

Whitlock alikuwa akipaza sauti kwamba Odessa amefukuzwa kazi. Hakuna aliyemsikia, hata Odessa mwenyewe.

Mama Lavinia alimgeukia Odessa, macho yanang’aa kwa furaha na hasira ya miaka yote ile.

“Zima hicho kidude chako, binti,” alisema. “Mimi ningali hai.”

Odessa akakizima. Wimbo haukukatika.