Chiraito ya Jasbire na Uvimbe wa Manrupa

Huku kwetu milimani, mnunuzi wa chiraito ni mzee Jasbire Rai. Chiraito ni mmea wa dawa ya homa, mchungu kwelikweli. Ina ndugu zake porini, wanafanana nayo kama mapacha, na wachumaji huwachanganya, wengine kwa makusudi. Lakini Jasbire humdanganyi. Huvunja kijiti, hutafuna, hutema. "Huyu siye. Huyu ni mdogo wake. Rudi naye kwenu."

Basi mkewe, Manrupa, alipopata uvimbe kwenye titi, mzee alijua la kufanya. Au alidhani anajua. Akawa anamchemshia chiraito chungu kuliko zote, asubuhi na jioni. Manrupa aliinywa huku amefumba macho. Kwenda hospitali kuonyesha titi aliona aibu.

Miezi ikapita. Uvimbe haukuuma, ila ulikua.

Sikukuu ya Dasain ikamleta Nirjala, binti wa jirani, anayefanya kazi kwenye maabara ya mimea huko mjini Dharan. Alikuja kupokea baraka za wazee. Kabla hajakaa vizuri, Jasbire akamwekea mafungu mawili ya majani.

"Haya, mtaalamu. Nasikia mnapima mimea inayoua saratani. Upi unaua zaidi, chiraito au mdogo wake?"

"Tulipima ndugu kadhaa, baba. Kila mmoja ana kemikali zake. Hata mmea uleule, wa bonde hili na wa bonde lile haitoki sawa. Mmoja uliua seli za saratani kuliko wenzake."

"Ule mchungu zaidi. Sema tu, usione haya."

"Uchungu hautuambii hilo. Tena zile seli zilikuwa kwenye kisahani cha kioo. Kisahani hakina damu wala ini. Ukizimwagia sabuni, zinakufa pia. Utamnywesha mtu sabuni?"

Jasbire alicheka. Manrupa hakucheka.

"Mwanangu," alisema, "nina uvimbe hapa, tangu tulipopanda mahindi. Huyu ananinywesha majani."

Nirjala alishtuka. "Mama, si kila uvimbe ni saratani. Lakini huwezi kujua bila kupimwa. Twende, nitaingia nawe. Madaktari wanawake wapo."

"Wazee wetu walitibiwa na hii," Jasbire alifoka.

"Walitibiwa homa, baba. Wenye uvimbe walipona?"

Mzee aliyakusanya mafungu yake ya majani. Mama yake mzazi alikufa na kidonda cha titi, akinywa chiraito hiyohiyo. Kijiji kizima tunajua.

Kesho yake Manrupa na Nirjala walipanda basi. Hospitalini madaktari walikata kipande cha uvimbe, wakakipima. Ilikuwa saratani, lakini ilikuwa haijasambaa. Manrupa alifanyiwa upasuaji, akaanzishiwa dawa. Daktari alimuuliza anakunywa nini kingine, naye hakuficha.

"Acha hayo majani," daktari alisema. "Yanaweza kugongana na dawa zangu. Na siku ukitaka kunywa chochote, niulize kwanza."

Matibabu yalimchosha, nywele zikamtoka. Sasa zimeota, naye yuko shambani akigombana na nyani kama zamani.

Juzi mama mmoja alifika kutoka ng'ambo ya bonde, anataka chiraito ya uvimbe wa titi.

"Umepimwa?" Jasbire aliuliza.

"Bado. Nimeambiwa yako ndiyo ya kweli."

"Ni ya kweli. Nilikaribia kumzika mke wangu kwa kuitegemea. Kwa uvimbe siuzi, dada. Nenda hospitali leo, basi bado halijaondoka."