Mikono ya Syokau Inanuka Katani

Jumamosi hiyo soko la Kawangware lilikuwa limefurika, na katikati ya njia Osewe akasimama ghafla, akafumba macho. Mama wa viazi alimgonga kwa gunia, mkokoteni ukamkosakosa, naye hata hakutikisika. Pua yake ilikuwa imenasa harufu ya katani iliyolowekwa, uvundo ambao watu wenye akili zao huukimbia. Akaufuata mpaka kwa msichana wa sketi ya buluu na kitambaa chekundu kichwani, aliyekuwa akisuka kiondo, beseni la katani miguuni pake.

"Niaje, siste. Hiyo kitu inanuka ni yako?"

"Kama inanuka, pita."

"Sijasema ni mbaya. Imenipeleka ushago saa hii. Likizo ya Agosti, kwa nyanya yangu Asembo. Tulikuwa tunaloweka katani kwa mto, tunasokota kamba, tunaruka mpaka giza."

"Sasa nyanya yako ananunua kiondo, ama wewe unanizibia tu wateja?"

Ubongo una vituko. Jina la mwalimu wake wa hesabu Osewe alikuwa amelisahau kabisa, lakini beseni moja linalonuka lilimrudishia utoto mzima. Alinunua kiondo, na Jumamosi iliyofuata akanunua kingine asichokihitaji.

Hivyo ndivyo Osewe, mwoka mikate wa Kianda kule Kibera, alivyompata Syokau. Laiti angempenda kama watu wengine wanavyopenda. Kila walipokutana alimshika mikono, akainusa, macho yakaenda mbali, na Asembo ikaanza upya: mto, kamba, uji wa nyanya, binamu aliyeanguka kwenye matope. Syokau, akiwa ameegemea bega lake lenye harufu ya mkate, alizisikiliza mpaka akaweza kuzisimulia mwenyewe.

Jumapili moja alichoka. Alisugua mikono kwa ndimu, akavaa gauni la maua, akajipulizia marashi, akaenda Kianda. Osewe aliinusa mikono, akakunja uso.

"Umejipaka nini, dia? Si ungeosha kwanza."

"Nioshe?"

"Manze, haunuki kama wewe."

Syokau alirudisha mikono yake. "Osewe, mimi nina macho, nina miguu, nimevaa hii gauni kwa ajili yako. Lakini wewe unachumbia beseni."

"Ni vile tu inanikumbusha..."

"Hata mimi inanikumbusha. Kitui, likizo, wenzangu wako nje wanacheza. Mimi na mama tunasuka mpaka vidole vinapasuka, ndiyo shule ikifunguliwa nisifukuzwe sababu ya karo. Hiyo ndiyo harufu unafurahia. Umewahi kuniuliza?"

Hakuwahi. Syokau akaondoka, na badala ya kumfuata, Osewe alibaki mlangoni na aproni yake.

Simu iliyokuwa karibu na alikoishi Syokau ilikuwa ya duka la Thuo, Riruta Satellite. Osewe aliipiga kutoka kibanda cha simu mpaka Thuo akachoka.

"Ni yule wa mikate tena," Thuo alimwambia Syokau. "Mwambie mimi si karani wa mapenzi yenu."

Syokau akashika simu. "Nini?"

"Kuna harufu ya likizo unaipenda? Hata moja?"

"Osewe, unaniudhi."

"Najua. Niambie."

"Mkate. Baba alikuwa anafanya kazi huku Nairobi. Krismasi akija, alileta mkate kwa begi, na sisi tulinusa hiyo begi kabla hajakaa chini. Halafu kuna mwaka hakuja. Hakuja tena."

Osewe aliangalia shati lake lenye unga. "Kumbe hata wewe, ukiegemea bega langu..."

"Kwani ulifikiri nilikupendea sura?"

Thuo akageukia rafu, akajifanya anapanga sukari.

"Kumbe unanigombeza, na wewe pia unaninusa?"

"Lakini mimi sikusumbui na hadithi."

"Syokau, simu inakaribia kukatika. Nataka tuoane. Desemba nikupeleke nyumbani."

"Asembo? Nikasikilize ule mto tena? Hapana. Tunaanza Kitui, kwa mama. Yeye ndiye utamuuliza." Alijifuta machozi kwa mkono ambao tayari ulikuwa umerudia kunuka katani. "Na Osewe, mkate uweke kwa begi. Ukifika, usikae chini haraka."