Bitana Ngumu

Maiti ya Delbert Krause ilikuwa bado imeshikilia usukani Inspekta Tillman Wiebe alipofika mferejini. Gari lilikuwa limepita mwisho wa uwanja wa zamani wa ndege, likakata shamba la ngano lililolimwa juzijuzi, likaingia kwa pua katika mfereji mpya wa maji ya mvua. Katika Kansas ya mwaka 1963, vijana walishindana hapo kila Jumapili, magari mawilimawili, robo maili tu. Delbert alishinda. Kusimama ndiko kulikomshinda.

Wiebe aliwafukuza watazamaji, akamwita fundi wa polisi afungue magurudumu ya nyuma. Ya mbele hayakuwa na breki. Delbert na rafiki yake Orville Stucky walizitoa zamani ili gari liwe jepesi. Ndani ya dramu za nyuma, yale mabakuli ya chuma yanayozunguka na gurudumu, breki shuu, yaani vyuma vya kuyabana, zilikuwa nzima. Bitana zake, lile tabaka linalosugua dramu ili gurudumu lisimame, zilikuwa mpya. Hakuna bomba lililokatwa, hakuna mafuta yaliyovuja.

"Ila ni ngumu mno," fundi akasema. "Hizi ni za wanaozunguka uwanja wa duara mchana kutwa, afande. Mpaka zipate moto ndipo zishike."

"Na huyu alikanyaga breki mara ngapi?"

"Mara moja, mwishoni. Zilikuwa baridi."

Basi mtu alikuwa amechagua vibaya, au amechagua makusudi. Mji ulikwisha kuamua. Orville ndiye aliyefunga breki za gari lile tangu siku ya kwanza, na wote walijua amegombana na Delbert juu ya nani aendeshe. Lisemwalo lipo, walisema, na mkuu wa polisi akataka mtuhumiwa awe ndani kabla ya mazishi.

Kituoni, Orville aliitazama breki shuu iliyowekwa mezani, kisha akakaa wima kama yuko kanisani.

"Breki alifunga nani?"

"Mimi."

"Bitana alichagua nani?"

"Mimi."

"Kwa nini ngumu?"

"Nilikosea."

"Miaka yote hii hukukosea."

"Siku ya kukosea haipigi hodi, afande."

Hakuomba wakili. Hakuuliza atafungwa muda gani. Jambo hilo lilimkera Wiebe, maana katika kazi yake hakuwahi kumwona mtu anayeikimbilia jela. Alimwacha mahabusu, akachukua breki shuu moja, akaenda nayo dukani kwa Ansel Dirks, muuza vipuri.

Dirks aliapa kuwa Orville alinunua kwake bitana laini, za kubandikwa kwa gundi, wala hakutaka hata kuonyeshwa ngumu. Gari la robo maili huchaguliwa laini, alisema, kwa kuwa hiyo huuma ikiwa baridi. Kisha akaigeuza ile breki shuu mkononi. Bitana ilikuwa imepigwa kwa mkono ribiti za shaba, vijisumari vya kuungia, na kingo zake zimepigwa tupa mpaka zikalala sawasawa. Ilikuwa kazi ya mtu asiyejua kulipua.

"Nani hapa bado anapiga ribiti?" Wiebe akauliza.

"Hayupo. Alikuwa mzee Haugen, mtu wa mbio za duara. Aliungulia garini mwake, Mungu amrehemu."

"Alimfundisha nani?"

Dirks aliiweka breki shuu mezani polepole. "Hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na Lorene tu."

Lorene Haugen sasa alikuwa Lorene Krause, mjane wa marehemu. Wiebe akageuza gari kwenda kwake. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo, lakini si kila kikulacho hukuchukia.

Alimkuta jikoni, amezungukwa na vyakula vya majirani ambavyo hakuna aliyevigusa. Wanawake wa kanisa waliondoka bila kuambiwa.

"Bi Lorene, Orville amekiri. Anasema ndiye aliyefunga zile bitana ngumu."

Lorene alitua kikombe. "Mwongo," akasema taratibu. "Orville hawezi kupiga ribiti hata kwenye mkanda wa suruali."

Wiebe akavuta kiti, akakaa. Hakuhitaji kuuliza tena.

Lorene akasimulia mwenyewe. Alikuwa msichana aliposimama kando ya ua wa uwanja akimtazama baba yake akiungua, na tangu siku ile hakukanyaga uwanja wa mbio. Alimsihi Delbert aache. Delbert akambusu kipajini, akacheka. Kumharibia injini kusingesaidia, angeitengeneza. Alitaka Delbert aogope. Ijumaa, mumewe akiwa kazini kwenye ghala la nafaka, alitoa vifaa vya baba yake sandukuni, akafunga bitana ambazo zingekataa kushika. Alijua mbele ya uwanja kuna shamba linalolimwa kila mwaka msimu huo. Gari lingezama kwenye udongo laini, livunjike, naye Delbert atoke mzima akitetemeka.

"Na mfereji?"

"Sikuujua. Wameuchimba mwezi uliopita, nami niko humu, nimejifungia na woga wangu."

"Orville alijua ni wewe?"

"Lazima alijua alipoziona tu. Amekulia karakana ya baba. Anadhani ananilinda. Mtoeni leo, Tillman. Mume wangu hatarudi, lakini yule mtoeni."

Alivaa koti mwenyewe. Mlangoni akasimama.

"Niambie ukweli. Alijaribu kusimama? Siku zote nilidhani akilazimika kuchagua, atachagua mbio."

Wiebe angeweza kumwambia hajui. Ingekuwa rahisi, pengine hata ingekuwa huruma.

"Aliikanyaga breki kwa miguu yote miwili, binti. Pedali imepinda hadi sakafuni."

Lorene aliegemea mlango. "Kumbe alitaka kurudi nyumbani," akasema, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Wiebe alimngoja mpaka akamaliza, kisha wakatoka.