Aproni Iliyofika Mahakamani

Jirani zangu, mnaomjua shangazi yangu mnaijua asubuhi ya kibanda chake sokoni. Cherehani inanguruma, yeye anaimba, na mumewe, fundi viatu, anaitikia kwa nyundo. Mume huyo tunamwita Sawa Mzee, maana ndilo jibu lake kwa kila mwenye cheo.

Mfereji wa soko ulipoziba mwezi mzima, shangazi alitarizi kwenye aproni yake: MFEREJI UMEZIBA, MSIMAMIZI YUKO WAPI? Wauza mboga walicheka wakashika mbavu, nao wakaagiza zao. Siku ya tatu soko zima lilikuwa likiuliza swali hilo bila kufungua mdomo.

Msimamizi wa soko akaja, faili kwapani. Shangazi alikuwa ameenda kununua vifungo.

"Mkeo amenitukana. Nachukua cherehani. Weka sahihi hapa."

"Sawa mzee," akasema mumewe, akasaini bila kusoma hata mstari mmoja.

Shangazi alirudi akakuta meza tupu. Sketi ishirini na mbili za wanafunzi zilikuwa zimekatwa tu, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

"Umesaini nini?"

"Sijui, mke wangu. Alikuwa na haraka."

"Yeye ana haraka, mimi nishone kwa meno?"

Nakala aliyoachiwa mumewe ilisema shangazi amekiri kosa na kutoa cherehani kwa hiari yake. Hiari gani, na mwenyewe alikuwa dukani akichagua vifungo!

Usiku ule walilala wamenuniana. Kesho yake shangazi alivaa aproni ileile, akanishika mkono, tukaenda ofisi ya msaada wa sheria. Dada wa pale aliisoma nakala mara mbili, akaandika maombi ya kupeleka mahakamani, na kwa ajili ya zile sketi kesi ikasikilizwa wiki hiyohiyo.

Jaji, mama wa makamo, aliitandaza aproni mezani.

"Tusi ni neno lipi hapa?"

"Hapo kwenye 'yuko wapi', mheshimiwa," akajibu msimamizi.

"Kwani ulikuwa wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Msimamizi akainamia viatu vyake, ambavyo, niwaambie ukweli, Sawa Mzee ndiye aliyevishona.

Jaji alieleza polepole. Katiba inampa kila mtu haki ya kutoa maoni. Haki hiyo ina mipaka, lakini mpaka huwekwa na sheria, tena kwa sababu ya msingi. Hasira ya mkubwa si sheria. Mali ya mtu haichukuliwi kabla hajasikilizwa, basi cherehani irudishwe leo hii. "Na haki ya mke," akamaliza akimtazama Sawa Mzee, "mume hawezi kuisaini."

Jioni msimamizi alileta cherehani mwenyewe, jasho likimtoka, na karatasi ya kupokelea. Akamnyooshea fundi viatu kalamu. Sawa Mzee alisoma, kidole chini ya kila neno, tukasubiri weee! Kisha akairudisha.

"Si sawa, mzee," akasema. "Hii ni ya mke wangu kusaini."

Shangazi akasoma, akasaini, akakaa kushona. Sketi zote ziliwahi shule. Na mfereji? Ulizibuliwa.

FUNZO

Jirani zangu, tusimwogope mtu kwa sababu ana faili. Tusome kabla ya kusaini, tuulize ni sheria ipi, na tusiitoe haki ya mwenzetu hata kama tunalala naye nyumba moja. Katiba inatulinda sote, lakini haiwezi kutusemea tukinyamaza.