Walimlilia Mama Yangu Akiwa Hai

Nina miaka arobaini na moja. Sina mume, sina mtoto, na ndugu zangu wote walitangulia. Mungu aliniachia mama tu. Kazi yangu ilikuwa kupiga pasi kwenye jumba moja kule Nyarutarama, hapa Kigali, mpaka siku walipochoka kunisubiri wakachukua mwingine. Naitwa Goreti.

Siandiki ili mnionee huruma. Huruma nimeonjeshwa sana mwaka huu, na haishibishi. Naandika kwa sababu kuna msomaji ambaye leo hii amelala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mgonjwa wake, na ufunguo wa nyumba yake uko mkononi mwa mtu mwingine...

Mimi nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Ndiyo maana nikiwa na uchungu, lugha inayonijia ni Kiswahili. Tuliporudi Rwanda, mama alinunua kajumba ka udongo kwenye mteremko chini ya njia panda ya Sonatubes. Ukisimama mlangoni unasikia moto, zile pikipiki za abiria, na magari yakipiga honi huko juu, na mvua ikinyesha unasali ukuta usiondoke. Kalikuwa kadogo na kabovu, lakini ketu.

Dativa naye alitoka Buyenzi. Mama yake alikuwa muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mtu wa kushinda sokoni, kwa hiyo Dativa alikulia jikoni kwetu. Alimwita mama yangu Mama, hata mbele za watu. Hapa Kigali alipata kazi kwenye kiwanda cha nguo kule Masoro. Mume wake alimwacha na watoto wadogo, na kila alipofukuzwa kwenye chumba cha kupanga alikuja kwetu. Hatukuwahi kumuuliza atakaa mpaka lini. Mtoto wa nyumbani unamuulizaje?

Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari. Siku moja alijikata mguu kwenye jiwe akipanda mteremko, akavaa soksi juu ya kidonda ili nisikione. Hakutaka kunisumbua! Nilipokuja kusikia harufu, tulikuwa tumeshachelewa. Kituo cha afya kilitupeleka hospitali, na hospitali wakamkata mguu.

Kwetu mgonjwa hulazwa na mtu wake, anayeitwa mrwaza. Huyo ndiye anayemwogesha, anayemgeuza, anayekimbilia dawa. Naye mrwaza anahitaji mtu wa kumletea chakula kutoka nje, kugemura tunavyoita. Mimi nilikuwa mrwaza, na Dativa ndiye aliyetugemurira. Kila akitoka kazini nilimwona anaingia wodini na termosi yake nyekundu, maharage na ndizi bado vya moto, na mama anatabasamu kabla haijafunguliwa.

Pale hospitali kulikuwa na mama mmoja wa huduma za jamii. Wote tulimwita Asosyali, wala sikuwahi kujua jina lake. Aliniuliza swali ambalo hakuna daktari aliyewahi kuniuliza: mgonjwa akitoka hapa, analala wapi?

Nikamweleza. Nyumba yetu ilikuwa imepigwa alama nyekundu kwa sababu iko kwenye manegeka, mahali pa hatari, na tulishaambiwa kwenye mkutano baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, kwamba sisi wote wa mteremko tutahamishiwa ghorofa mpya upande wa Masoro. Asosyali akashika simu. Aliongea na watu wa kata, akaongea tena, akawaeleza kwamba mtu mwenye mguu mmoja hapandi ngazi. Mwishowe wakakubali. Kaya ya mama yangu ingepewa nyumba ya chini kabisa, yenye njia ya saruji mlangoni ya kupitisha kiti cha magurudumu, na muuguzi wa kituo cha jirani angekuwa anapita kumchoma sindano zake.

Jamani, sisi tulifurahi! Mama alianza kupanga atakavyokaa mlangoni, na nani atamsalimia, na nani hatamwitikia. Alisema wamemkata mguu lakini wamempa baraza.

Sharti lilikuwa moja. Watu wa kata wangepita kwenye mteremko kuhakikisha nani anaishi wapi, na nyumba itakayokutwa imefungwa ingehesabiwa kuwa ya watu waliokwisha kuhama. Sasa mimi ningefanyaje? Nikienda kukaa nyumbani, mama anabaki na nani? Ndipo nikampa Dativa ufunguo. Na maneno nikampa mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu.

"Wakija waambie wewe ni mtoto wa nyumba hii," nilimwambia.

"Si niko mtoto wa nyumba hii?" alinijibu, akacheka.

Nami nikacheka...

Baada ya hapo termosi ikaanza kuchelewa. Halafu ikawa haiji. Nikajisemea kiwandani wamembana, nikala mabaki ya wagonjwa wengine. Simu yangu ilikuwa imeibwa pale tunapochajia, na namba zote zilikuwa ndani yake. Mama alikuwa na homa na kidonda kilikuwa kinatoa maji, kwa hiyo sikuthubutu kumwacha hata kwa muda wa kufika Sonatubes na kurudi. Nilikuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba. Naona njia lakini siifikii.

Siku ya kuruhusiwa ilipofika, nilimvika mama gauni lake la misa, nikamwacha kwenye kiti cha magurudumu na ndizi mkononi, nikaenda dirishani kumaliza mambo ya mitiweli, bima yetu ya wananchi. Kijana wa pale alitazama kompyuta, akanitazama mimi, akarudi kwenye kompyuta.

"Mama, huyu mukecuru hapa iko alishafariki," alisema, akimaanisha bibi kizee wangu.

"Iko pale nyuma yako, anakula ndizi," nilimwambia.

Aligeuka akamwona. Alijaribu tena na tena, lakini jibu lilikuwa lilelile. Mama yangu alikuwa ametolewa kwenye kaya kwa sababu ya kifo, na aliyetoa taarifa ni mtoto wake.

Asosyali aliwaomba wakubwa wake, wakaturuhusu tutoke. Nikamwacha mama kwake kwa muda, nikakimbilia nyumbani. Nyumba haikuwepo! Mteremko karibu wote ulikuwa udongo mtupu, na watoto wanaokota mabati. Chini kabisa, mahali ambapo walikuwa hawajafika kubomoa, nilimkuta jirani yetu wa zamani, Mama Fabrisi. Aliponiona aliacha ndoo akanikumbatia.

"Wihangane, Goreti. Tulimulilia sana mukecuru. Tulikaa kwenu siku zote za kilio."

Nilidhani ananipa pole ya mguu. Nikamuuliza kilio kipi. Hapo ndipo akanieleza yote, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyopunguza sauti.

Dativa aliwaambia mama amefia hospitali. Akasema nimepeleka maiti kwa ndugu zetu Bugesera, ndugu ambao hatuna, na mimi nitabaki hukohuko. Majirani waliomboleza ndani ya nyumba yetu, kwenye viti vyetu. Wakachanga sukari na unga. Watu wa kata walipopita, walimkuta mwanamke na watoto wake, na majirani wote wenye macho mekundu wakamshuhudia kwamba ndiye mtoto wa marehemu aliyebaki. Nani angewabishia? Walikuwa wanasema ukweli wanaoujua. Kwa hiyo nyumba ya chini, yenye njia ya saruji, ile aliyoipigania Asosyali, alipewa Dativa.

Nilipanda moto mpaka kule. Sikuhitaji kuuliza mlango. Niliijua ile njia ya saruji kabla hata ya kumwona mwenye nyumba, na juu yake palikuwa pameanikwa maharage. Dativa alifungua, akasimama. Hakukimbia wala hakukana.

"Goreti, mama iko mzee," alisema. "Mimi niko na watoto. Baada ya kubomoa wangeniweka wapi?"

"Ungesema tumehama. Kwa nini ulisema amekufa?"

Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta bei nzuri ya kitu.

"Kama ningesema iko hai, wangeuliza iko wapi."

Halafu, wasomaji wangu, aliniuliza kama nimekula! Nilitaka kumpiga. Mtoto wake mdogo alikuwa ameshika sketi yake, ananiita shangazi. Mikono yangu ilikataa. Nikageuka nikaondoka, nikikanyaga maharage yake makusudi, na hiyo ndiyo adhabu pekee niliyoweza kumpa.

Nilishtaki. Nilikwenda kwa mkuu wa umudugudu, yaani wa mtaa wetu, nikaenda kwenye kata. Walinisikiliza vizuri, siwezi kuwasingizia. Walisema suala litachunguzwa, na kwamba watoto hawawezi kutupwa nje kabla uchunguzi haujaisha. Wangesema nini kingine? Asosyali alipiga simu mpaka akahamishiwa hospitali nyingine, mkoani. Siku ya kuaga alilia kuliko mimi.

Wanawake wa jumuiya ya kanisa walitupatia chumba bondeni. Kilikuwa kizuri, ila kilifikiwa kwa ngazi za mawe zisizo na mwisho. Muuguzi aliyepangwa kumtembelea mama alikuwa wa kule kwenye ghorofa, na sisi hatukuwa watu wa kule. Kwa kituo cha afya cha bondeni mama bado alikuwa marehemu, na dawa za marehemu hulipiwa zote. Nilibembeleza, wakanipa kidogo kidogo. Sindano zake zilitaka ubaridi, nikazifukia kwenye chungu chenye mchanga uliolowa maji.

Kumpeleka kituoni nilimbeba mgongoni kwa kitenge, kama alivyonibeba mimi. Alikuwa mwepesi, nami nilikuwa naona aibu kwa wepesi wake. Mvua zilipoanza, zile ngazi ziligeuka utelezi. Siku za mvua hatukwenda. Na mvua za Kigali mnazijua...

Sikumwambia ukweli. Ningeanzia wapi? Nilimwambia nyumba mpya haijamalizika kupakwa rangi. Kila jioni aliniuliza lilelile.

"Dativa iko analinda nyumba yetu?"

"Iko analinda, Mama."

"Mungu amubariki. Ule mtoto ana roho."

Nami nilisema amina. Ningefanya nini?

Ilifika siku nikaitwa kwenye kata, nikaambiwa kosa limerekebishwa, mama yangu yuko hai kwenye kompyuta na bima yake imerudi. Nilipanda na kushuka zile ngazi nikikimbia ili nimpe habari. Nilimkuta ameacha kula tangu asubuhi. Nilimbeba kwa mara ya mwisho, tukafika hospitali, lakini sukari ilikuwa imeshammaliza. Wiki ileile waliyomfufua, nilirudi kwenye dirisha lilelile kuwaambia sasa amekufa kweli. Kijana wa pale aliuliza mara mbili kama nina uhakika.

Lakini kilichonivunja mgongo si hicho. Niliwatumia habari majirani wa mteremko, ambao siku hizi wametawanyika kwenye ghorofa. Wachache sana walikuja. Wengine walidhani ni habari ya zamani imezunguka. Wengine walijua yote, ila waliona haya kumlilia mtu mmoja mara mbili. Machozi ya mama yangu yalikuwa yameshatumika, na sukari ya msiba wake ilikuwa imeshanywewa kwenye chai.

Siku ya pili ya kilio, mtu wa moto alileta termosi nyekundu. Hakusema imetoka kwa nani. Ndani mlikuwa na maharage na ndizi, bado vya moto.

Nilikula. Nilikuwa sijaonja kitu tangu mazishi, na nilikula yote huku nikilia, na mpaka leo sijui kama huko ni kusamehe au ni njaa tu.

Ndugu msomaji, ukiwa mrwaza, nyumba ya mgonjwa wako usiiache kwenye mdomo wa mtu mmoja, hata kama amekula jikoni kwenu. Waite majirani waje kitandani wamwone kwa macho, ili siku ya kuulizwa wajibu wanachokijua. Nanyi mnaounganisha hospitali na nyumba, kazi yenu ni njema na mama yangu aliifurahia. Ila ninyi wa kata, kabla hamjamtoa mtu duniani, tafadhali nendeni mkamguse. Na wewe jirani, ukisikia msiba, usianze na sukari. Anza na kuuliza maiti iko wapi.

Kutoka mteremko wetu mpaka kitanda cha mama yangu ilikuwa safari ya moto moja tu. Alikuwa macho mchana kutwa, anatazama mlango, anasubiri wageni.