Majina ya Kilima cha Rugarama

Honda Pilot nyeusi ilipita taa nyekundu ya Central Avenue, pembezoni mwa Minneapolis, kama haikuiona.

Mutesi hakuikimbiza. Aliipunguza mwendo Toyota Sienna yake, akakata kona nyuma ya duka la matairi, akatokea mbele. Theluji ya Machi ilikuwa inayeyuka. Matope ya chumvi yaliruka mpaka kwenye kioo.

"Uko wapi?" Sauti ya Jairus, mkubwa wake katika upelelezi wa serikali, ilikwaruza sikioni.

"Columbia Heights. Nimemtangulia."

"Ndege yake ni saa tisa. Akipanda hiyo ndege tumekwisha."

"Mimi ndiye nitakuwa nimekwisha," Mutesi alimjibu. "Wewe utaandika ripoti."

Ilikuwa kweli.

Ndani ya ile Honda mlikuwa na mkoba wa ngozi, na ndani ya mkoba karatasi za majina. Katika moja ya karatasi hizo ameandikwa Rukundo, mdogo wake Mutesi, na mji anaojificha, na jina la uongo analotumia. Rukundo aliwaona wasafirishaji wa madini ya koltani ya magendo kwa macho yake, akasimama mbele ya hakimu akawataja. Tangu siku ile wanamtafuta. Miaka mitatu hawajampata.

Na nani aliyemwandika? Shangazi yake wa damu, kwa mkono wake mwenyewe, kwenye sofa yake mwenyewe huko Oakdale, baada ya kumpikia mgeni, huyu huyu wa Honda, chai ya maziwa.

Alimsimulia Mutesi asubuhi ile kwa simu, tena kwa fahari.

"Ule papa Sosthène ana adabu, mama. Ana kitabu cha Mzungu wa zamani. Baba ya babu yetu yuko ndani. Akasema, donc, tuandike na wale waliobaki kule, ukoo usipotee."

"Shangazi. Na Rukundo umemwandika?"

"Sasa nimwache mtoto wetu nje ya ukoo?"

Mutesi aliweka simu chini. Akachukua funguo za gari.

Kile kitabu alikijua. Kilikuwa daftari la Alden Tollefsrud, mtoto wa mwenye kinu cha unga cha Minneapolis, aliyepewa kazi ya balozi mdogo wa Marekani huko Boma, Kongo, mwaka 1906. Kijana asiyetulia. Wenzake walikaa barazani wakinywa gini, yeye alitembea miezi mitano hadi kilima cha Rugarama, akaketi na watu, akawauliza nani anawapiga, nani anawanyang'anya kilima chao. Watu tisa walimwambia. Akaandika majina yao yote, vizuri, kwa wino, akapeleka ripoti kwa wakubwa wake. Wakubwa wakaichapisha. Nakala moja ikarudi Boma, ikasomwa na wale wale waliotajwa humo kuwa wanyang'anyi.

Tisa wale hawakuonekana tena.

Tollefsrud alihamishiwa Tehran, kisha Batumi, kisha Kopenhageni. Alipanda cheo kila mahali na hakulala usingizi popote. Alizeeka Saint Paul, daftari likaachwa maktaba. Wiki mbili zilizopita liliibwa, na Sosthène akaanza kutembelea nyumba za Wakongo nalo. Waliomtuma, wale wale wa koltani, walitaka kilima, na walitaka kujua nani bado yuko hai wa kukidai.

"Polisi hawamgusi mpaka daftari lionekane," Jairus alisema. "Usimguse na wewe. Na karatasi za majina hazikupigwa picha, bosi zake hawaamini simu. Ziko mkobani tu."

"Anaingia kanisani. Amefuata karatasi ya mwisho kwa pasteri."

"Sasa?"

"Sasa nakwenda kusali."

Bastola, Glock 19, aliiacha chini ya kiti. Ndani ya kanisa kulikuwa na watoto.

Ibada ilikuwa imefika mwisho. Pasteri Habimana alimjua Mutesi kama dada anayeogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea, basi. Mutesi akamsogelea, akamnong'oneza.

"Pasteri, mgeni anasafiri leo. Tutamwacha aende hivi hivi, bila maombi?"

Pasteri alishtuka kama aliyekumbushwa jiko linawaka. "Ndugu Sosthène, njoo mbele."

"Pasteri, nimechelewa, kweli."

"Dakika mbili tu."

Watu wakacheka chini chini. Dakika mbili za Habimana walizijua.

Angekataaje? Miezi miwili amejiita mwana wa Mungu. Akaja mbele, mkoba kifuani.

"Mzigo chini, papa," mama mmoja alimwambia. "Safari na mzigo wake vyote viombewe."

Mkoba ukawekwa sakafuni. Mikono arobaini ikamwangukia kichwani, mabegani, mgongoni. Macho yakafungwa. Kila mtu akaanza kuomba kwa sauti yake, wote pamoja, ukumbi ukavuma.

Mutesi alikuwa amepiga magoti, kiganja juu ya mkoba.

"Bwana, fungua," aliomba kwa sauti. "Fungua, Bwana."

Zipu ikafunguka.

Daftari lilikuwapo, na muhuri wa maktaba. Kalamu yake ya Parker yenye kamera ikabonyezwa mara mbili. Daftari akaliacha palepale. Karatasi saba zikaingia chini ya kitenge chake.

Sosthène akafumbua jicho moja.

Mkono wake ukaanza kushuka kuelekea mkobani. Shangazi Nyiraneza, yule yule wa Oakdale, macho ameyafumba, akaudaka na kuurudisha hewani.

"Juu, papa. Roho hajamaliza."

"Amina," alisema Sosthène, jasho linamtoka.

"Nimeipata picha," Jairus alisema sikioni. "Polisi dakika nne."

Habimana aliomba dakika kumi na moja.

Walimkamata kwenye maegesho, daftari la wizi mkobani. Walipoumwaga mkoba juu ya boneti, Sosthène alitazama, akatazama tena, kisha akageukia mlango wa kanisa. Akina mama walikuwa wanatoka na sufuria. Hakujua amuangalie yupi.

Jairus alimkuta Mutesi jikoni, mbele ya sinki.

"Nipe karatasi. Wakubwa wanazitaka kwa faili."

Mutesi akabonyeza swichi. Mashine ya kusagia uchafu ndani ya sinki ikanguruma, ikameza karatasi ya saba.

"Mutesi. Hiyo ni evidence ya kesi."

"Wizi wa daftari hautoshi kumfunga?"

"Unatosha. Lakini wataniuliza."

"Waambie Tollefsrud alishawapelekea orodha." Akafungulia maji. "Waulize waliiweka wapi."

Jairus alitazama maji yakizunguka.

Mlangoni Shangazi alikuwa anamsubiri, koti limefungwa mpaka kidevuni, amenuna.

"Wamemchukua mgeni wetu. Na majina?"

"Yamepotea, Shangazi."

"Bon. Nitayaandika upya, niweke Facebook. Watoto wayaone."

Mutesi alisimama. Hakuwahi kusimama hivyo hata mbele ya bunduki. Kisha akamshika mkono, akamvusha kwenye barafu, akamfungulia mlango wa gari.

"Usiandike. Niambie mimi. Mpaka Oakdale ni mbali, nitayashika kichwani."

"Yote?"

"Anza na baba ya babu."

Akavaa miwani ya jua, akawasha Sienna, akapita taratibu mbele ya magari ya polisi bila kugeuza shingo. Kando yake sauti ya Shangazi ilikuwa imeshafika jina la tano.